Kiti, Saa na Mita 4: Shajara ya Mradi wa Kupima Wazee wa Shehia

Oktoba, mwishoni

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka na sheha naye ameridhia. Timu ni ndogo: mimi wa fiziotherapia, muuguzi mmoja wa kiume, na wahudumu wawili wa afya ya jamii, wote wanawake, wazaliwa wa hapa hapa Kusini Unguja. Tutawapima wazee wa shehia kuanzia miaka 60, ili tujue ni nani miguu yake iko mbioni kumtupa. Aliyekwisha kulala kitandani kila jirani anamjua, huyo hahitaji saa. Tunayemtafuta sisi bado anakwenda dukani kwa miguu yake na anapokea salamu akiwa wima, ila nguvu zinamvuja kidogo kidogo na hata nyumbani kwake hawajaona.

Kipimo tutakachokitegemea zaidi ni SPPB. Kimetoka Marekani mwaka 1994, kazi ya Jack Guralnik na wenzake waliopima maelfu ya wazee wa East Boston, Iowa na New Haven. Kina sehemu 3: kusimama bila kuyumba, kutembea mwendo wa kawaida, na kuinuka kitini mara 5 bila kushika popote. Kila sehemu ina alama 0 hadi 4, jumla 12.

Kilichonishawishi hasa ni makala yao ya 1995. Waliwachukua watu 1,122 wa miaka 71 na zaidi, ambao wenyewe walisema wanajihudumia, wanatembea nusu maili na kupanda ngazi bila msaada. Wakarudi baada ya miaka 4. Waliokuwa na alama za chini kabisa siku ile ya kwanza walikuwa wamepata ulemavu mara 4.2 hadi 4.9 zaidi ya wenye alama za juu. Yaani wote walisema hawajambo, na saa ikawatenganisha.

Novemba, wiki ya kwanza: kiti

Wiki nzima imekwenda kwenye kiti, na sioni haya kusema hivyo.

Kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha harusini na matangani, hakifai. Mtu akijisukuma kuinuka, miguu ya kiti inatanuka na kiti chenyewe kinarudi nyuma. Halafu havilingani: tulivipima kwa futi na kila kimoja kina kimo chake. Tukaenda skuli. Mwalimu mkuu akatupa kiti cha mbao cha darasani, hakina mikono, mgongo umenyooka. Kilikuwa kirefu kidogo, fundi seremala akakikata miguu mpaka kufika sentimita 43, kimo ambacho Rikli na Jones wa California walikitumia kwenye kipimo chao cha kuinuka kitini kwa sekunde 30, mwaka 1999. Mwalimu mkuu alipokiona alicheka, akasema basi kibakie kwenu.

Kimo hicho kina maana. Kadiri kiti kinavyokuwa chini ndivyo mapaja yanavyofanya kazi zaidi. Ukimpima mtu leo kwenye kiti cha 43 na miezi 6 baadaye kwenye cha 47, utaandika kwamba amepata nafuu, kumbe nafuu ni ya seremala.

Kiti tumekiegemeza ukutani. Mzee anakaa, nyayo zote mbili chini, mikono ameikunja kifuani, kila kiganja begani upande wa pili. Kwanza anainuka mara 1 tu. Akishindwa bila kushika, alama ni 0 na kipimo kimekwisha, hatumlazimishi. Akiweza, anaambiwa asimame wima kabisa na kukaa, mara 5 mfululizo, haraka awezavyo. Saa inaanza tunaposema "haya" na inasimama akiwa wima mara ya 5. Hatungojei akae.

Hapo kwenye "haraka" ndipo palipoleta maneno. Wahudumu wetu wamelelewa kumwambia mzee "taratibu bibi, usije ukaanguka". Kumhimiza mtu wa umri wa nyanya yako aende mbio, tena mbele ya watu, ni kukosa adabu. Lakini mmoja akisema "taratibu" na mwengine "haraka", wanapima vitu viwili tofauti kwa kiti kimoja. Tukakubaliana maneno yaandikwe kwenye kadi na yasomwe vile vile kwa kila mtu, yakitanguliwa na hili: "Bibi, kwanza nakuomba radhi, leo nitakuhimiza." Imekubalika vizuri mno. Wazee wengine wanacheka na kusema haya nihimize, na wanapocheka wanapoteza pumzi, kwa hiyo tunawangoja wamalize kucheka ndiyo tuanze.

Jambo jengine ni nguo. Buibui likifika chini huoni kama goti limenyooka wala kama amekaa kweli au amegusa kiti tu na kuinuka. Wanawake tunawapima chumba cha ndani, wenyewe kwa wenyewe, kanga imefungwa vizuri. Wanaume wako kwa muuguzi, na msuli unaonyesha vya kutosha.

Novemba, mwishoni: "Alhamdulillahi"

Kabla ya kiti tunauliza maswali 5 ya SARC-F, dodoso la Malmstrom na Morley la 2013: kubeba mzigo wa kilo 4 na nusu hivi, kutembea chumbani, kuinuka kitini au kitandani, kupanda ngazi, na kuanguka. Kila swali alama 0 hadi 2. Ukifikisha 4, unashukiwa kuwa na sakopenia, yaani upungufu wa misuli na nguvu zake.

Mazungumzo ya leo asubuhi, nimeyaandika kama yalivyokuwa:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Bibi, unapata tabu kuinuka kitini?"

"Alhamdulillahi, sina neno."

"Na kupanda ngazi?"

"Ngazi nipande niende wapi?"

Nyumba zetu za huku hazina ghorofa, kwa hiyo bibi kauliza swali la maana kuliko langu. SARC-F yake ilitoka 0. Akakaa kwenye kiti cha skuli. Mara ya kwanza na ya pili aliinuka sawasawa. Ya tatu alianza kwa kujitupa kifua mbele, ya nne visigino vikanyanyuka, ya tano nikasikia pumzi. Sekunde 17.4. Kwa SPPB, ukivuka 16.7 unapata alama 1 kati ya 4.

Bibi yule hakusema uwongo. Mtu mwenye dini na haya hakai mbele ya mgeni akaanza kuhesabu maradhi. Kila anachoulizwa, jibu la kwanza ni shukrani. Hata kwengineko SARC-F inajulikana kwa hilo: ikimtaja mtu mara nyingi imepatia, ila inawapita wengi bila kuwaona. Huku kwetu inawapita zaidi kwa sababu ya adabu.

Tumeongeza maswali yetu wenyewe, ya kando, hayamo katika alama. "Nazi anakuna nani siku hizi?" "Unasali kwa kiti au chini?" "Tangu lini?" Hapo watu wanajibu bila kujiona wanalalamika, kwa sababu wanaeleza mambo ya nyumbani tu. Mbuzi ya kukunia nazi iko sentimita chache kutoka ardhini. Kuikalia na kuinuka ni kipimo kikali kuliko changu. Yule bibi alisema nazi anakuna mjukuu tangu mfungo uliopita, "kwa sababu yeye ana haraka". Linda Fried na wenzake wa Baltimore waliandika mwaka 2000 juu ya wanawake wa namna hii: anasema hana tatizo, ila amebadilisha namna anavyofanya kazi, amepunguza, amempa mwengine. Waliobadilisha namna hiyo ndio waliokuwa mbele ya wenzao kupata ulemavu wa kutembea baadaye.

Desemba: mita 4 na kuyumba

Ujia wa skuli una saruji nzuri na kivuli. Tumechora mistari 4 kwa chaki: mzee anaanzia mita 1 nyuma ya mstari wa saa na anamalizia mita 1 mbele, ili tusipime anavyoondoka na anavyosimama. Mwendo ni wake wa kila siku, "kama unakwenda dukani". Anatembea mara 2, tunachukua iliyo nzuri. Ndara zinavuliwa, maana zinakokota.

Hesabu ni nyepesi. Mita 4 kwa sekunde 5 ni 0.8 kwa sekunde, na hapo au chini yake ndipo wataalamu wa Ulaya wanapoita mwendo wa polepole. Wa Asia wanaanza kushuku chini ya 1.0, yaani zaidi ya sekunde 4. Mwaka 2011 Stephanie Studenski na wenzake waliunganisha tafiti 9 zenye watu 34,485, na kasi hii peke yake, pamoja na umri na jinsia, ikabashiri muda wa kuishi kwa kiasi ambacho orodha ndefu ya maradhi haikuongeza mengi. Kasi ya kutembea inakusanya moyo, mapafu, mishipa ya fahamu, macho, viungo na misuli kwa mara moja, ndiyo siri yake. Udhaifu wake ni huo huo: inakwambia kuna kitu, haikwambii ni kipi.

Kusimama bila kuyumba hakuna mengi. Nyayo sambamba, halafu nusu mbele, halafu kisigino mbele ya kidole gumba, sekunde 10 kila namna. Wavuvi wazee wanashinda hapa bila kutoka jasho.

Januari: mkono

Tumeazimwa dainamomita ya Jamar, chombo cha kupima nguvu za kubana kwa mkono, ile ya chuma yenye saa ya duara juu. Ni ghali, na ikianguka chini usahihi wake umekwenda, kwa hiyo inalala kwenye boksi lake na ufunguo anao muuguzi. Mzee anakaa, kiwiko kimekunjwa pembe mraba, anabana kwa nguvu zake zote, mara 3 kila mkono. Tunaandika kubwa kuliko zote.

Nguvu ya mkono inasema mengi kuhusu mwili mzima. Utafiti wa PURE, uliochapishwa 2015 ukiwa na watu 139,691 wa nchi 17, Afrika Kusini na Zimbabwe zikiwemo, ulikuta kila kilo 5 zinazopungua zinakwenda na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Hilo silipingi. Ninachopigana nacho ni kikomo. Wazungu wa EWGSOP2 (2019), kundi la wataalamu wa sakopenia wa Ulaya, wanasema chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke ni udhaifu. Waasia mwaka huo huo wakasema 28 na 18. Vikomo vya Ulaya vimetokana na Waingereza: walichukua nguvu za vijana wao katika tafiti 12 za Uingereza, wakashuka chini yake kwa kiwango cha kitakwimu, wakapiga mstari. Na timu hiyo hiyo ya Richard Dodds, ilipokusanya vipimo vya dunia nzima mwaka 2016, ikaonyesha kwamba nguvu za mkono katika nchi zinazoendelea ziko chini kwa wazi. Watu wenye miili midogo, waliokulia kwenye uhaba, hawakuwahi kufika kilele cha Mwingereza hata wakiwa vijana wazima. Ukimwekea bibi wa hapa mstari wa 16, je, unapima alichopoteza au ambacho hakuwahi kuwa nacho?

Na upande wa pili wako wavuvi. Babu mmoja, miaka yake yote ni nyavu, kasia na kamba ya nanga. Alibana chombo kile mpaka muuguzi akatazama kama kimeharibika. Akaambiwa ainuke kitini mara 1 bila kushika: akashindwa. Mkono ungemwandikia hati ya afya njema na kumrudisha nyumbani. Kuna wazee wanaolima mwani pia, ambao vidole vimevimba kwa baridi yabisi na kubana kunawauma, wakati miguu yao inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo mkono umeshuka daraja katika mradi wetu. Tunaupima, tunauandika, hautoi hukumu peke yake.

Februari

Mambo ya utaratibu, kwa kifupi.

Umri: kwa waliovuka 70 hatuna shida kubwa. Zanzibar imeanza pensheni jamii Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule kwa kila aliyetimiza miaka 70, na tangu hapo watu wametafuta karatasi zao wakazihifadhi. Kwa wa chini ya 70 tunahesabu kwa matukio, na wengi wanaanzia kwenye Mapinduzi: nilikuwa nanyonya, nilikuwa natambaa, nilikuwa chuoni kwa mwalimu.

Presha inapimwa kwanza. Aliye juu sana, mwenye maumivu ya kifua, au aliyepasuliwa karibuni hapimwi, anaelekezwa kituo cha afya. Chai na mkate wa kumimina vinatolewa kabla, kwa sababu wapo wenye sukari wanaomeza dawa na kuja na njaa.

Goti linaandikwa kwenye safu yake peke yake. Mtu anaweza kuchelewa kitini kwa sababu mapaja yamekwisha, au kwa sababu goti linamchoma. Saa haitofautishi. Tunauliza "kilichokuzuia ni maumivu au nguvu?" na wazee wanajibu hili kwa uhakika kabisa.

Machi: Ramadhani

Hatupimi. Mtu aliyefunga, jua la saa saba, umwambie aruke kitini mara 5? Tumefungua kompyuta na kuingiza fomu.

Nimetumia utulivu huu kupanga kichwani mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Sakopenia ni ya misuli. Udhaifu wa uzeeni ni wa mwili mzima, akiba imekwisha, homa ndogo inamlaza mtu mwezi. Linda Fried ndiye aliyeuwekea alama 5 mwaka 2001: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono dhaifu, mwendo wa polepole, na kujishughulisha kidogo. Ukiwa na 3 au zaidi umeingia, 1 au 2 uko mlangoni. Alama 2 kati ya hizo ni vipimo vya mwili tunavyovifanya sisi. Zilizobaki zinasumbua. Uzito: kilo 4 na nusu kwa mwaka, lakini nani alipimwa mwaka jana? Tunauliza kama nguo zimelegea. Kujishughulisha: dodoso lililotumika kule lina gofu, tenisi na kukata majani ya uwanja. Halina mwani, halina kuchanja kuni, halina kuteka maji. Bibi anayefunga mwani baharini maji yakiwa magotini angeandikwa kwamba hafanyi kitu.

Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wametutangulia. Watafiti wa Tanzania na wa Newcastle wamekuwa wakipima udhaifu wa uzeeni kule kwa miaka, wakatengeneza kipimo kifupi, B-FIT, kwa ajili ya mahali pasipokuwa na daktari bingwa wa wazee. Nimepata moyo kuona kwamba na wao walianza kwa kukubali kuwa cha kuagizwa hakikai sawa mpaka kirekebishwe.

Kuhusu misuli yenyewe: kuithibitisha sakopenia kunataka picha ya DXA, aina ya eksirei, au mashine ya umeme inayokadiria nyama za mwili. Hatuna. Lakini EWGSOP2 wameandika wazi kwamba nguvu zikiwa chini, inatosha kusema sakopenia inashukiwa sana na kuanza kutafuta sababu na kutibu. Ina mantiki. Katika utafiti wa Health ABC, wazee wa miaka 70 na kitu wa Memphis na Pittsburgh walipoteza nguvu za miguu kwa karibu asilimia 3 kila mwaka huku nyama zenyewe zikipungua karibu asilimia 1. Nguvu zinatangulia kuondoka. Anayengoja paja lisinyae ndiyo aamini, amechelewa. Mzunguko wa shavu la mguu tunaupima kwa mkanda wa fundi cherehani, basi.

Mwaka 2024 kundi la wataalamu wa dunia, GLIS, limekubaliana kwamba utendaji wa mwili, kama kutembea na kuinuka, usiwe sehemu ya maana ya sakopenia bali matokeo yake. Kwa mwenye maabara ni mjadala mzuri. Kwangu haubadilishi kitu: matokeo ndiyo ninayoyaona kutoka kwenye ujia wa skuli, na ndiyo yatakayomfanya mtu ashindwe kwenda chooni peke yake.

Aprili: baada ya Idi, masika

Mvua. Ujia unateleza, tumehamia ndani ya darasa.

Sheha kauliza swali ambalo nililingoja tangu Oktoba: "Mmewapima. Sasa mnawapa nini?" Ana haki. Kumwambia mtu miguu yako inakwisha halafu ukaondoka na fomu yako ni dhulma.

Tunachowapa ni mazoezi ya nguvu. Ushahidi wake si wa jana. Maria Fiatarone, Boston, 1990, aliwachukua watu 10 wenye wastani wa miaka 90 kwenye makao ya wazee, akawabebesha uzito kwa miguu wiki 8, na nguvu za 9 waliomaliza zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Kisha utafiti wa LIFE wa Marekani, 2014, watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wote SPPB yao 9 au chini: nusu walifanya mazoezi, nusu walipata mafunzo ya afya. Baada ya miaka 2.6 kwa wastani, waliopoteza uwezo wa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1 upande wa mazoezi na 35.5 upande wa pili. Si muujiza. Ila nani mwengine ana dawa ya kumzuia mtu asikae kitandani, tena isiyonunuliwa?

Kikundi kinakutana baada ya Alasiri, wanawake uani kwa mhudumu mmoja, wanaume baraza ya msikiti. Kuinuka kitini, kwa kushika kwanza, halafu bila kushika. Kunyanyua visigino huku umeegemea ukuta. Mfuko wa mchanga kifundoni, mguu unanyooshwa umekaa. Mtu akimaliza mizunguko 2 ya 10 bila kutweta, mchanga unaongezwa. Wengi wanataka kubaki na mfuko ule ule kwa sababu wameuzoea, na hapo ndipo ninapokuwa mkali: zoezi lisilokulemea halijengi msuli.

Suala la chakula ni gumu zaidi. Mapendekezo ya PROT-AGE, kundi la wataalamu wa lishe ya wazee, ni gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ukiondoa wenye figo mbovu. Kijiji cha wavuvi hakikupaswa kukosa, lakini pweza na samaki wa bei huishia hotelini, na mzee anabaki na wali na mchuzi. Tunasisitiza dagaa, kunde, choroko, na yai likipatikana. Mzee mmoja kasema yai analimuachia mjukuu, na sikupata la kumjibu.

Juni: ugomvi wa sakafu, na fomu ya mwisho

Muuguzi anataka tuongeze kipimo cha kukaa chini na kuinuka. Anao utetezi mzuri. Claudio Gil Araújo wa Rio de Janeiro na wenzake waliwapima hivyo watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80, wakachapisha 2012: alama 0 hadi 10, unapunguziwa kila unapoegemea mkono au goti, na kila alama 1 ya ziada ilikwenda na asilimia 21 ya nafuu katika kuishi. Muuguzi anasema wazee wetu wanasujudu na kuinuka kila siku tangu utotoni, hakuna watu duniani kipimo hiki kinawafaa kuliko hawa. Na kweli, tarehe mtu aliyohamia kusali kwenye kiti imekuwa miongoni mwa majibu yanayonisaidia sana.

Mimi nimekataa kukiweka kwa wote. Masharti yake ni kuinuka bila kuegemea, na sala haina sharti hilo; mtu anaweka mkono, anainuka, sala yake imetimia. Kumvunja nyonga mzee mmoja katika kumpima ni kuufunga mradi, na ingekuwa haki ufungwe. Tumemalizana hivi: swali la sala linabaki kwenye fomu pamoja na la nazi, na sakafu anapimwa aliyemaliza kiti chini ya sekunde 12, juu ya godoro, muuguzi ubavuni. Hajaridhika sana.

Fomu sasa ni ukurasa 1. Kiti kwanza, kwa sababu hakitaki nafasi, kinamtaka mtu mmoja na saa ya simu, na ndicho kilichowakamata wengi waliojibu alhamdulillahi. Vikomo viko vitatu mezani: Asia 12, mwongozo wa ICOPE wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu huduma za wazee 14, Ulaya zaidi ya 15. Tumechukua 14 kwa sababu ndicho wahudumu wa afya watakachokutana nacho kwenye mafunzo mengine, na yeyote wa 12 hadi 14 anaitwa tena mapema. Kisha mita 4. Kuyumba kunapimwa kwa aliyewahi kuanguka. Mkono kwa mwenye maumivu ya goti, ili tupate picha ya nguvu zake bila goti kuingilia.

Kurudia ni kila miezi 6, na hapa ndipo kikomo cha Mwingereza kinapopoteza ubishi wake, kwa sababu mtu analinganishwa na yeye mwenyewe. Kasi ikishuka kwa mita 0.1 kwa sekunde, au SPPB kwa alama 1, ni mabadiliko makubwa. Nusu ya hapo ni madogo lakini yana maana. Anayeshuka hivyo anatembelewa nyumbani wiki hiyo hiyo, hata kama bado yuko juu ya mistari yote.

Yule bibi wa sekunde 17.4 amerudiwa: 14.9. Bado yuko upande mbaya wa mstari wetu. Nazi bado anakuna mjukuu, na bibi kasema hana mpango wa kumnyang'anya.

Shehia ya jirani wameomba tuwafundishe. Tumewajibu watafute kiti kisicho na mikono na fundi wa kukikata mpaka 43, wahudumu wa kike na wa kiume, na siku tatu za mazoezi ya kusoma kadi bila kuongeza neno "taratibu". Dainamomita si lazima. Wameuliza kama wanaweza kuazima kiti chetu. Hapana, chetu kina orodha ya watu hadi Desemba.